DALILI YA MVUA NI MAWINGU: Kuongeza Geji Kwenye Gari la Kikundi



Vikundi vingi vya kujisaidia vina gari siku hizi. Kwa kawaida ni pikapu iliyokwisha kutumika miaka mingi kabla ya kufika mikononi mwa kikundi. Inabeba maziwa asubuhi, mahindi siku ya soko, na mgonjwa usiku mambo yakiharibika. Pesa zilizoinunua zilitoka kwa merry-go-round, kwa harambee, na kwa jasho la watu ambao wengine hawajawahi kuketi kiti cha mbele cha gari hilo.

Katika kutembelea vikundi, tumeona kwamba gari la namna hii mara nyingi haliuawi na ajali. Linauawa na maji yaliyochemka au oili iliyoisha, huku dereva akiendelea na safari bila habari. Injini ikishanoki au hedi ikishapindika, gari linaegeshwa nyuma ya ukumbi, kuku wanataga ndani yake, na kikundi kinavunjika kwa lawama.

Somo hili linahusu geji tatu ndogo za kuongeza kwenye dashibodi: geji ya joto la maji, geji ya nguvu ya oili, na geji ya umeme. Tunaomba msome pamoja, mkiwa na dereva wenu na, ikiwezekana, fundi wenu.

Kusudi la somo: mwisho wa mkutano kila mwanachama aweze kueleza geji hizo zinasema nini, na kikundi kiwe kimeamua nani ana haki ya kusimamisha gari.

1. KWANI GARI HALINA GEJI ZAKE?

Linazo, lakini hazitoshi. Tazameni dashibodi ya gari la zamani. Kwa upande wa oili, magari mengi yana taa nyekundu tu. Taa hiyo imetengenezwa iwake wakati nguvu ya oili imeshuka sana, kwa kawaida hadi pauni 5 au 7 hivi kwa kila inchi mraba. Gari likiwa barabarani na mzigo linahitaji pauni 35 au zaidi. Kwa hiyo oili inaweza kushuka kutoka 50 hadi 15, injini ianze kujila yenyewe, na taa bado imezima. Ikiwaka, si onyo tena. Ni tangazo la kifo.

Kwa upande wa maji, magari mengi yana mshale wenye H na C bila namba. Mingine ya mishale hiyo imetengenezwa makusudi isimame katikati joto likiwa mahali popote kati ya digrii 75 na 100 na kidogo, ili dereva asisumbuke. Kumbe yule wa gari kuukuu ndiye anayehitaji kusumbuliwa mapema!

Kwa upande wa umeme kuna taa ya betri. Inawaka altaneta ikishindwa kabisa. Ikiwa inachaji nusu nusu, taa inaweza kukaa kimya, nanyi mtajua siku ya kusukuma gari.

Geji yenye namba inawaonyesha jambo likiwa bado linakuja. Wazee walisema dalili ya mvua ni mawingu. Mwenye kuanika mahindi hangojei matone.

2. GEJI TATU NA KAZI YAKE

(a) Geji ya joto la maji. Injini nyingi zinafanya kazi vizuri maji yakiwa kati ya digrii 80 na 95. Themostati, ule mlango mdogo wa maji, unafunguka karibu na digrii 82 hadi 88. Joto likipita 105 na kuendelea kupanda, hatari imefika. Hedi ya aluminiamu, kama ile ya Peugeot 504 ambayo wengi wetu tumepanda, hupindika kwa urahisi injini ikichemka.

Hapa kuna jambo ambalo watu wa nyanda za juu wanapaswa kulijua. Mombasa maji huchemka kwa digrii 100. Kisumu ni karibu 96, Nairobi karibu 94, na Nyahururu, mita 2,300 hivi juu ya bahari, karibu 92. Kifuniko cha rejeta ndicho kinachobana maji yasichemke mapema. Kikiwa kizima, maji hufika 110 na zaidi bila kuchemka, hata huko juu. Kikiwa kimechoka, au mmeziba rejeta kwa kitambaa na mfuko wa plastiki, maji yatachemka na kumwagika mkiwa Nyahururu huku geji ikisema 92, namba ambayo kwa macho ni nzuri kabisa. Kwa hiyo kabla ya kununua geji, nunueni kifuniko kipya cha rejeta. Bei yake ni ndogo.

Jambo lingine: sensa, yaani kile kifaa kidogo kinachofungwa kwenye injini kupeleka habari kwa geji, hupima vizuri ikiwa ndani ya maji. Maji yakiisha yote ghafla, kwa mfano paipu ikipasuka, sensa inabaki hewani na mshale unaweza kushuka badala ya kupanda. Dereva akiona mshale wa joto umeanguka ghafla akipanda mlima, asifurahi. Asimame.

(b) Geji ya nguvu ya oili. Hii haipimi oili ni kiasi gani. Hiyo ni kazi ya dipstiki, na dipstiki haina likizo. Geji inapima jinsi oili inavyosukumwa ndani ya injini. Mafundi wengi hutumia kanuni hii: pauni 10 kwa kila mizunguko 1,000 ya injini kwa dakika. Injini ikiwa moto na gari limesimama likinguruma polepole, pauni 10 hadi 25 si mbaya. Barabarani, 35 hadi 60. Asubuhi injini ikiwa baridi namba itakuwa juu zaidi, na hilo ni la kawaida.

Kila gari lina kawaida yake. Ikiwa lenu limezoea 45 kwenye barabara ileile, na wiki hii ni 38, na wiki ijayo 30, hapo kuna habari. Oili imekuwa nyepesi, au pampu imechoka, au beringi zimelika. Mna muda wa kutafuta fundi bila kukimbizana na usiku.

(c) Geji ya umeme. Chukueni ile ya volti, si ile ya zamani ya ampea. Ya ampea hupitisha umeme wote wa gari ndani ya dashibodi kwa nyaya nene, na nyaya hizo zikichubuka moto unaweza kuwaka. Ya volti inahitaji nyaya nyembamba mbili tu.

Kwa gari la volti 12: injini ikiwa imezimwa na betri imepumzika, 12.6 ni betri iliyojaa na 12.2 ni karibu nusu. Injini ikiwa inafanya kazi, 13.8 hadi 14.4 ni sawa. Ikibaki 12 na kidogo, altaneta haichaji. Ikipita 15, inachaji kupita kiasi na itakausha betri. Malori mengi ya dizeli ni ya volti 24, kwa hiyo angalieni kabla ya kununua.

Geji hii ina faida ambayo wengi hawaijui. Katika magari mengi ya zamani mkanda mmoja unazungusha altaneta na pampu ya maji pia. Mkanda ukikatika, mshale wa volti unaanguka papo hapo, na joto la maji linapanda dakika chache baadaye. Dereva anayejua kusoma volti anasimama maji yakiwa bado mazima.

3. KUNUNUA BILA KUDANGANYWA

Ulizeni bei katika maduka yasiyopungua matatu, iwe ni Barabara ya Kirinyaga kule Nairobi au mji wenu wa karibu. Waende watu wawili, dereva na mweka hazina, na warudi na risiti. Kabla ya kulipa, waangalie mambo haya:

- Geji na sensa yake zitoke kwa mtengenezaji mmoja, katika pakiti moja. Zinasemezana kwa kipimo cha omu. Geji nyingi za Ulaya hutumia omu 10 hadi 180, na nyingi za Marekani hutumia 240 hadi 33, yaani kinyume. Mkichanganya, mshale utasema uongo mchana kweupe.
- Nyuzi za skrubu za sensa zilingane na tundu la injini. Magari ya Japani mara nyingi yana nyuzi 28 kwa inchi, na geji nyingi za Marekani 27. Kwa macho ni kitu kimoja. Zikilazimishwa kwa spana zinaharibu tundu, na oili itavuja daima. Kuna viunganishi vya shaba vya kurekebisha tofauti hiyo.
- Kuna geji za umeme na geji za paipu. Ile ya oili ya paipu ni sahihi sana. Ndani yake kuna mrija uliopinda unaojinyosha ukisukumwa, uvumbuzi wa Mfaransa Eugène Bourdon mwaka 1849. Lakini inaleta oili moto hadi ndani ya dashibodi. Kipaipu kikikatika, oili itamwagika miguuni mwa dereva na injini itaishiwa. Kwa gari la barabara mbaya tunapendekeza ya umeme.
- Ile ya joto ya paipu nyembamba ya shaba haikatwi wala kuunganishwa. Ikiwa ndefu, ikunjwe duara kubwa na kufungwa vizuri. Ikikatwa imekufa.

Mkifika nyumbani, jaribuni geji ya joto ya umeme kabla ya kuifunga. Fundi aiunganishe na betri, chuma cha sensa kikiwa kimeshikana na waya wa hasi. Chemsheni maji kwenye sufuria na kutumbukiza ncha ya sensa. Mkiwa Nairobi mshale usome karibu 94, na pwani 100. Mkiona 80 au 110, irudisheni dukani.

4. KUFUNGA

Hii ni kazi ya siku moja kwa fundi wa umeme wa magari. Fundi wa jua kali aliye makini anaiweza vizuri. Andikianeni bei kwanza, na mwanachama mmoja akae hapo akitazama. Hatua ni hizi:

Kwanza, waya wa hasi wa betri utolewe kabla ya chochote.

Pili, chagueni mahali. Geji zisizibe kioo cha mbele, na zisiwekwe mahali goti litagonga. Sisi tunapenda zikae katikati ya dashibodi, ili dereva azione na aliyeketi kando yake pia azione.

Tatu, oili. Ile sensa ya taa nyekundu itolewe, iwekwe kiunganishi cha tii, kisha taa irudishwe upande mmoja na sensa mpya upande wa pili. Msikubali taa iondolewe. Geji inataka mtu wa kuitazama, lakini taa humwita hata asiyetazama. Tii ikiwa nzito na inaning'inia, ifungwe kwa kibano, maana mtetemo wa barabara zetu huikata. Sensa nyingi hupata ethi yake kupitia nyuzi zake, kwa hiyo fundi asizungushie tepe nyingi nyeupe ya mabomba.

Nne, maji. Sensa ikae kwenye hedi au upande wa injini wa themostati. Wengine hukata paipu ya juu ya rejeta na kuweka kiunganishi hapo. Inawezekana, lakini paipu ni ya mpira, kwa hiyo kiunganishi kinahitaji waya wake wa ethi. Pia habari hufika kwa kuchelewa mpaka themostati ifunguke.

Tano, umeme. Waya wa geji ya volti uchukuliwe mahali panapopata umeme ufunguo ukiwa umefunguliwa tu. Ukiunganishwa moja kwa moja na betri, utainyonya pole pole usiku. Njia ya umeme wa geji iwe na fyuzi yake ndogo, ya ampea 2 au 3.

Sita, nyaya. Zinapopita kwenye ukuta wa chuma kati ya injini na dereva, tundu liwekwe mpira wa kuzuia kuchubuka. Zisipite karibu na ekzosi, wala mahali usukani unapozungukia. Waya wa ethi ufungwe kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi.

Saba, taa za geji ziunganishwe na taa za dashibodi. Safari ya mgonjwa ni ya usiku.

Nane, rudisheni betri, washeni injini, na mtazame kama oili au maji yanavuja. Tazameni tena baada ya kilomita 20, na tena baada ya wiki.

5. KUSOMA KWA WOTE

Si kila mwanachama anasoma namba, na hilo lisimwondoe mtu katika kulinda mali yake. Chukueni rangi ya kucha, ya kijani na nyekundu. Tieni alama ya kijani pembeni mwa kioo cha kila geji pale ambapo mshale hukaa gari likiwa zima, na nyekundu pale pa kusimama. Mama anayepeleka kuku sokoni atatazama na kusema, "Dereva, mshale umetoka kwa kijani."

Kisha mwe na daftari ya gari. Kila safari dereva aandike tarehe, kilomita, na namba tatu: joto, oili, volti. Asome kila siku mahali pamoja, tuseme juu ya mlima uleule. Mweka hazina aipitie mwisho wa mwezi kama anavyopitia pesa. Daftari hiyo ndiyo itakayowaonyesha 45 ikigeuka 38.

6. NANI ANASIMAMISHA GARI?

Hapa ndipo penye mzigo wa somo hili. Geji inaweza kusema kweli na gari likafa vilevile.

Tuchukue mfano. Pikapu imebeba maziwa, saa inakwenda, na geji ya joto inaonyesha 108. Dereva anaona. Pembeni ameketi mwenyekiti, naye anasema, "Twende tu, tumebakisha kilomita sita, tutafika." Dereva ni kijana, amelipwa na kikundi, na mwezi uliopita alikatwa mshahara kwa kuchelewa. Je, atasimama? Mnajua jibu. Gari litafika au halitafika, lakini likiharibika, mkutano utasema, "Dereva alikuwa na geji na hakuona."

Tunaona hilo ni jambo la haki kabla ya kuwa la ufundi. Hamwezi kumpa mtu jukumu la kulinda mali yenu na kumnyima uwezo wa kuilinda. Kwa hiyo tunawaomba mpitishe azimio, liandikwe katika kumbukumbu za mkutano, lenye mambo haya:

1. Mshale ukifika kwenye nyekundu, dereva atasimama mahali salama na kuzima injini. Hakuna ofisa wa kikundi, hata mwenyekiti, atakayemwamuru kuendelea.

2. Dereva hatakatwa pesa kwa kusimama kwa sababu hiyo, hata ikionekana baadaye kwamba geji ndiyo iliyokuwa na kasoro.

3. Dereva akiona nyekundu na kuendelea kwa hiari yake, atajibu mbele ya kikundi.

4. Hasara ya mzigo ulioharibika gari likiwa limesimama ni ya kikundi kizima. Wekeni pesa kidogo kila mwezi kwa ajili hiyo.

Linganisheni pia. Maziwa ya asubuhi moja ni hasara ya asubuhi moja. Injini ni maziwa ya miezi mingapi? Fanyeni hesabu hiyo ubaoni kwa bei za kwenu, wanachama wote wakiona.

Na dereva akishasimama: asifungue kifuniko cha rejeta injini ikiwa moto. Maji na mvuke vitamrukia usoni, na kuna watu wamepoteza macho hivyo. Angoje mpaka paipu ya juu ishikike kwa mkono bila kuchoma, kwa kawaida nusu saa au zaidi. Asimwagie injini moto maji baridi, maana chuma hupasuka. Ikiwa ni oili iliyoshuka, apime kwa dipstiki, na asiwashe tena mpaka sababu ijulikane.

7. MASWALI YA KUJADILIANA

1. Gari letu lina geji gani sasa? Zipi zinafanya kazi, zipi zimekufa?
2. Mara ya mwisho gari lilipoharibika, dalili ilianza lini? Nani aliiona, na kwa nini hakusema au hakusikilizwa?
3. Kama tuna pesa za geji moja tu, tuanze na ipi? (Ya volti ni rahisi kuifunga. Ya maji na ya oili ndizo zinazookoa injini.)
4. Je, dereva wetu anaweza kumwambia mwenyekiti "hapana"? Aulizwe dereva mwenyewe, wengine wakae kimya.
5. Wanawali watano katika Injili walikosa mafuta wakati wa kuhitajika. Sisi, ni katika mali gani ya kikundi tunangoja usiku wa manane ndipo tutazame taa?

8. KAZI YA KUFANYA KABLA YA MKUTANO UJAO

Dereva na wanachama wawili wafungue boneti asubuhi injini ikiwa baridi. Wapime oili, waangalie maji, wabonyeze mkanda wa feni, na wachunguze mpira wa kifuniko cha rejeta. Walete taarifa kwa maandishi. Mweka hazina alete bei za maduka matatu. Na azimio la kusimamisha gari lipigiwe kura siku hiyo, hata kama geji bado hazijanunuliwa, kwa sababu taa nyekundu mliyo nayo leo pia inahitaji mtu mwenye ruhusa ya kuitii.